Je, Wajua Printa ya Rangi Hula Wino Kiasi Gani?

Ukurasa mmoja wa ripoti ya kawaida unaweza kubeba matone ya wino yanayokaribia milioni tano. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chupa ya wino mweusi ya Epson namba 103, inayotumika kwenye printa ya L3110, ina mililita 65, na kampuni inasema inatosha kurasa 4,500. Ukigawanya, kila ukurasa unapata mikrolita 14 na ushee. Tone dogo kabisa la mashine hiyo ni pikolita 3, na lita moja ina pikolita trilioni nzima. Kama matone yote yangekuwa madogo kiasi hicho, ukurasa mmoja ungepokea takriban milioni 4.8, yote yakirushwa kutoka kwenye matundu 180 ambayo jicho haliyaoni.

Mazimbu, hapa Morogoro, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo imo kwenye majengo ya shule ambayo ANC ya Afrika Kusini iliijenga katika shamba la mkonge lililoachwa, kisha ikaikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Penye chuo hapakosi steshenari. Muhula ukikaribia kuisha, kila mwanafunzi anataka ripoti yake itoke siku hiyohiyo, ramani na grafu zikiwa na rangi, ibaindiwe, imfikie msimamizi kabla ofisi haijafungwa. Mwenye steshenari, kama ilivyo kwa katibu wa ofisi ndogo yoyote mjini, anaumizwa kichwa na swali moja: ninunue printa gani ya rangi isiyonifilisi?

Tuanze na namna tone linavyoruka, maana hapo ndipo mashine hizi zinapoanza kutofautiana. Mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, chuma cha moto cha kulehemia kiligusa kwa bahati mbaya sindano ya bomba lenye wino, na wino ukachupa. Mtafiti Ichiro Endo alielewa alichokiona: joto limezaa povu la mvuke, na povu limeusukuma wino nje. Printa za Canon na za HP za matumizi ya kawaida zinafanya kazi hivyo mpaka leo. Epson walifuata njia nyingine. Kuna fuwele ambazo zikiminywa hutoa umeme, jambo lililogunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Ukifanya kinyume chake, yaani ukaipa fuwele umeme, inajikunja. Ndani ya kichwa cha printa ya Epson kila tundu lina kipande cha aina hiyo, kinajikunja na kujinyoosha maelfu ya mara kwa sekunde, kikitema wino bila kuuchemsha.

Kwa mnunuzi, tofauti hii ina maana kubwa. Kichwa cha joto huchakaa mapema zaidi, ila katika printa nyingi unakichomoa na kuweka kipya. Kichwa cha fuwele kinadumu, lakini siku kikiziba kabisa, gharama ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei ya printa nyingine.

Na rangi je? Chukua lenzi ya mkono, ile ya wanafunzi wa botania, utazame picha ya milima ya Uluguru iliyochapwa. Kijani cha msitu hakipo! Utaona vitone vya buluu ya siani na vya njano vimekaa jirani, na mahali penye kivuli vimechanganywa na vyeusi. Wekundu wa udongo ni majenta na njano. Ni wino wa aina nne tu, na jicho lako ndilo linalokamilisha mlima. Ndiyo maana rangi moja ikiisha, picha nzima inaharibika, na ndiyo maana mashine nyingi hukataa kuchapa hata barua nyeusi hadi uijaze.

Sasa twende kwenye fedha. Printa ndogo ya katriji ndiyo yenye bei ya chini dukani, na kwa maoni yangu ndiyo inayowaumiza wengi. Katriji nyeusi ya HP 123 imepimwa kutoa kurasa 120, na ile ya rangi kurasa 100. Ili ufikie kazi ya chupa moja ya 103, utahitaji katriji nyeusi zipatazo 38. Kampuni huuza mashine kwa faida ndogo kwa kuwa zinajua utarudi kununua wino.

Waliouvunja mpango huo hawakuwa wahandisi wa makao makuu. Nchini Indonesia, mafundi na wenye maduka walichoka na katriji, wakatoboa printa zao, wakapitisha mipira myembamba na kuiunganisha na chupa za wino zilizowekwa pembeni. Epson waliona watu wanatumia mashine zao bila kununua katriji zao, na Oktoba 2010 wakazindua hukohuko Indonesia printa yenye matangi ya kiwandani. Canon na HP wakafuata na za kwao. Kwa hiyo printa ya matangi iliyoenea leo kwenye meza za steshenari imetokana na ubishi wa watu wenye shida kama zetu, na mimi naona waheshimiwe kwa hilo.

Angalizo kuhusu namba za kurasa. Zinapimwa kwa kurasa za mfano zilizowekwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, ambazo sehemu kubwa ya karatasi ni nyeupe. Picha ya shamba la mahindi inayojaza ukurasa wote hula wino mara nyingi zaidi. Anayetoza bei moja kwa ukurasa wenye nembo ndogo na kwa ukurasa wa picha tupu anajipunja.

Leza ya rangi ni mnyama wa aina nyingine kabisa. Haina maji ndani yake. Inatumia tona, ungaunga wa plastiki wenye rangi, unaovutwa kwa umeme tuli hadi kwenye karatasi, halafu unayeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Msingi wake ni kazi ya Chester Carlson, aliyetoa nakala ya kwanza ya namna hiyo jijini New York tarehe 22 Oktoba 1938. Maandishi yake ni makali, hutoka haraka, na hayaogopi maji. Lakini joto hilo linakula umeme: wakati wa kuchapa inavuta mamia ya wati, ilhali L3110 inatumia wati 14 hivi. Kwa anayenunua umeme wa LUKU au anayetegemea sola, hilo si jambo dogo. Tona nazo ni nne. Za HP 207A, kwa mfano, nyeusi inatoa kurasa 1,350 na kila moja ya zile tatu za rangi kurasa 1,250. Jambo lingine wasilolijua wengi: leza nyingi za rangi huacha kwenye kila karatasi vitone vidogo vya njano visivyoonekana kirahisi, vinavyoficha namba ya mashine. Mwaka 2005 watafiti wa shirika la EFF la Marekani walifumbua maana ya vitone vya printa mojawapo ya Xerox.

Printa ya matangi nayo ina maradhi yake. Wino wake mara nyingi ni rangi iliyoyeyushwa majini kama sukari kwenye chai, hivyo barua ikinyeshewa mvua ya masika ndani ya begi, maandishi yanatiririka. Canon nyingi za mfululizo wa G hutumia wino mweusi wa chembe, unaostahimili maji zaidi. Likizo ndiyo adui mkubwa: wanafunzi wakiondoka, mashine ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino hukaukia kwenye matundu. Iwashe angalau mara moja kwa wiki, uchape ukurasa mmoja wenye rangi zote nne. Tena kila inapojisafisha, inamwaga wino kwenye sponji iliyo ndani. Sponji ikihesabiwa kuwa imejaa, printa inagoma. Fundi akikurudishia hesabu sifuri bila kubadilisha sponji, wino utamwagikia mezani siku moja.

Ukiniuliza, steshenari au ofisi inayochapa kila siku hapa Mazimbu inunue ya matangi, iwe na wino halisi na shuka la kuikinga na vumbi la kiangazi. Ofisi inayochapa rangi mara chache, yenye umeme wa uhakika na nyaraka za kukaa miaka, inunue leza. Ile ya katriji ndogo iache dukani, hata ikiwa kwenye punguzo. Na kabla hujatoa fedha, mwulize muuzaji bei ya wino na idadi ya kurasa zake, ugawanye mbele yake.