Korasi na vibrato: madoido mawili, chanzo kimoja

Wapiga gitaa na mafundi mitambo wa studio za muziki mara nyingi huchanganya madoido mawili ya sauti, korasi na vibrato, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja. Katika yote mawili, kifaa hutoa nakala ya sauti, huichelewesha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha huongeza na kupunguza ucheleweshaji huo mfululizo, hata nakala ikawa nyembamba na nene kwa zamu.

Vibrato hutoa nakala hiyo pekee, hivyo noti huyumba. Korasi huichanganya nakala na sauti ya asili, na gitaa moja likasikika kama magitaa mawili yanayopigwa pamoja.

Kifaa cha Boss CE-1, kilichotolewa nchini Japani mwaka 1976, kilidhihirisha undugu huo: swichi ilimwezesha mpigaji kuchagua korasi au vibrato.

Uchaguzi huo una uzito. Vibrato ikizidi, gitaa husikika kana kwamba nyuzi zake hazikukazwa sawasawa. Korasi ikizidi juu ya mwimbaji, maneno yake hufifia. Ni busara kurekodi sauti ikiwa safi na kuongeza madoido baadaye, kwani yakisharekodiwa pamoja nayo hayaondoleki kwa urahisi.