Kuhamia Mishomoroni: Piga Hesabu Nzima Kabla ya Kulipa Kodi

Pwani yetu hupokea watu wanaokuja kukaa, si kutalii tu: Wajerumani na Waingereza waliostaafu, Wakenya wanaorudi kutoka Ulaya na wenzi wa huko, na ndugu zetu wa bara waliochoka na baridi. Wengi huanza kwa kuulizia Nyali, Shanzu au Mtwapa. Wakishasikia kodi ndipo jina la Mishomoroni, mtaa wetu wa Kisauni, Mombasa, linapotajwa. Mimi naona ni chaguo zuri, kwa sharti moja: uje kuishi maisha ya Mishomoroni. Anayelala huku lakini soko, meza na starehe zake zote ziko Nyali, akiba ya kodi humwishia kwenye tuktuk.

Hili si la kwetu peke yetu. Waingereza waliohamia vijiji vya Dordogne, kule Ufaransa, walivutwa na bei ya nyumba, kisha wakakuta kwamba bila gari hufiki dukani wala hospitali. Tangu 2021 wengine wao wamebanwa pia na sheria ya kukaa siku 90 tu katika kila siku 180 wakiwa hawana viza ya kukaa muda mrefu. Bei ya nyumba iliwavuta, mengine wakayahesabu wakiwa wameshafika.

Tuanze na kodi basi. Kwa chini ya shilingi 15,000 kwa mwezi, Mishomoroni bado unapata chumba na sebule, choo ndani. Nyali, kwa pesa hizo, ajenti hatapoteza muda na wewe. Mtwapa ni kati kwa kati, ila kumbuka iko kaunti ya Kilifi na ni mbali zaidi na kisiwani Mombasa. Ajenti wa huku wengi hudai pesa za kuonyesha nyumba hata usipoichukua, kwa hiyo kubalianeni kabla hamjaanza kuzunguka.

Kinachotenganisha nyumba na nyumba hasa ni maji. Mombasa hunywa maji ya mbali: bomba la Mzima, lililoanza kazi 1957, Marere katika vilima vya Kwale, na Baricho kwenye mto Sabaki, ambayo ndiyo hutulisha sisi wa bara ya kaskazini. Mifereji ikikauka, na hukauka, hubaki visima vya chumvi na hamali wa mikokoteni. Sasa tuchukue nyumba mbili. Ya kwanza ni 10,000, haina kisima wala tangi. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 ukifikishwa mlangoni, na watu wanne wanatumia mitungi minane kwa siku. Hiyo ni 160 kwa siku, 4,800 kwa mwezi, jumla 14,800. Ya pili ni 13,000, ina kisima cha chumvi na tangi juu, hivyo unanunua mitungi miwili tu ya maji matamu ya kunywa na kupikia: 1,200 kwa mwezi, jumla 14,200. Nyumba ya "ghali" imeshinda, na hujaamka alfajiri kumsubiri mtu wa mkokoteni. Maji yakiadimika bei ya mtungi hupanda, na pengo linazidi. Usimuulize ajenti habari za maji. Muulize mama anayeanua nguo uani.

Nauli nayo ina tabia yake. Njia yetu ya kwenda kisiwani inapita Kengeleni na Daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja lililoelea la 1931. Likiziba, sote tumeziba. Chukua mfano wa matatu ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi: siku 26 za kazi ni 2,600. Nauli za jioni zikigeuka kuwa za mia, kama inavyotokea mvua ikinyesha, unafika 3,900. Wa Nyali hukaa karibu zaidi na daraja, lakini mitaa yake mingi ya ndani haina matatu, na hapo kama huna gari ni tuktuk kila safari.

Chakula ndicho kinachoipa Mishomoroni ushindi wa wazi. Soko la Kongowea, ambako mboga na matunda ya mji mzima hushushwa, liko njiani. Mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai, mishikaki ya jioni, vyote viko hatua chache na mlango. Mwenye kutaka jibini ya Ulaya kila wiki aende City Mall ya Nyali, na aandike gharama hiyo kwenye hesabu yake kwa ukweli.

Usalama nao usemwe. Magenge ya vijana wenye mapanga yameitia Kisauni jina baya, na si uzushi. Mtaa hutofautiana na mtaa. Nenda ukaione nyumba baada ya Isha, uone kama maduka yako wazi na watu wako barazani.

Matembezi ndiyo yanayonifanya nimpende mtu anayechagua upande huu. Kengeleni penyewe pana kengele ya Freretown, makao ambayo wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) waliyaanzisha 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kuitazama hakuna tikiti. Bamburi kuna Haller Park, machimbo ya mawe ya saruji ambayo Mswisi René Haller alianza kuyapanda mivinje 1971 hadi yakawa msitu. Hapo ndipo kiboko Owen, aliyebaki yatima wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe Mzee. Kiingilio cha Haller Park kinauma kuliko cha makumbusho, kwa hiyo nenda alasiri, ukute twiga na viboko wakilishwa.

Ng'ambo ya daraja la Mtwapa kuna Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15, wenye msikiti ukingoni mwa bahari na kivuli cha mibuyu. Kwangu mimi hapo ndipo shilingi inapolipa kuliko popote. Kwa kulinganisha, ngome ya Fort Jesus kisiwani, iliyojengwa 1593 hadi 1596, kwa miaka mingi imemtoza mwananchi mzima 200 na mgeni asiye mkaazi 1,200. Kati yao kuna bei ya mgeni mkaazi. Familia yenye mzungu mwenye kibali na ibebe kadi yake, la sivyo atalipishwa kama aliyeshuka ndege jana. Bei hurekebishwa, na malipo hupitia eCitizen, basi simu iwe na chaji.

Ufuo wa Jomo Kenyatta ni bure; pesa huenda kwenye matairi, ngamia na mashua za kioo. Patana kabla hujapanda, na uende maji yakiwa yamekupwa, msimu wa kaskazi, bahari ikiwa safi. Wakati wa kusi utalipia kuona mchanga uliotibuka.

Kwa wanaotaka kununua, nitasema kwa ukali kidogo: pangeni kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Na Kisauni kuna nyumba nyingi za mtindo wa "nyumba bila ardhi": unanunua kuta, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi unamlipa. Bei yake ndogo ina sababu. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika mkono, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, kisha muulize mzee wa mtaa kodi ya udongo hulipwa kwa nani, na kama kuna kesi mahakamani.