Kompyuta ya Mezani Inapogoma Kuwaka Baada ya Kuhama

Kompyuta ya mezani iliyofanya kazi vizuri hadi siku ya kuhama, kisha ikagoma kuwaka katika nyumba mpya, mara nyingi haijaungua, bali kuna kitu kimelegea ndani yake njiani. Kwa hiyo uchunguzi hauna budi kufuata njia ya umeme, kuanzia ukutani hadi kwenye diski, kabla ya kununua kipuri chochote.

Mjini Goma sababu ya kulegea huko iko wazi. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyomwaga lava hadi katikati ya mji Januari 2002 na kulipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na njia nyingi za mitaani hazina lami, hivyo mzigo unaosafirishwa kwa lori au kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, hutikiswa mwendo mzima. Mtikiso huo hauvunji kasha la chuma, lakini unatosha kusogeza kadi iliyochomekwa kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na umeme ukakosa pa kupita.

Hatua ya kwanza ni umeme wenyewe. Goma ina wasambazaji zaidi ya mmoja, wakiwemo shirika la taifa SNEL, Virunga Energies inayotumia nguvu ya maji, na Nuru, ambayo kituo chake cha jua cha megawati 1.3 kilianza kazi mwaka 2020, kiasi kwamba anayehama mtaa huenda akabadili pia msambazaji. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa taa, kisha ikaguliwe pawasaplai, yaani kisanduku cha nyuma kinachogeuza umeme wa volti 220 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Swichi yake kuu inapaswa kuwa upande wa I, si wa O. Visanduku vya zamani vina swichi nyingine ndogo, aghalabu nyekundu, ya kuchagua 115 au 230. Ikiwa ilisukumwa wakati wa kupakia ikabaki kwenye 115, kuwasha kompyuta kunaweza kuunguza kisanduku papo hapo, ndiyo maana isomwe kabla ya waya kuchomekwa.

Ikiwa hakuna feni inayozunguka, waya uchomolewe ukutani, kasha lifunguliwe, na chuma chake kiguswe ili umeme tuli wa mwilini uishe. Plagi pana ya pini 24 inayolisha ubaomama, yaani ubao unaounganisha sehemu zote, na ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, zisukumwe hadi zishike.

Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, hasa mlio wa bipu ukirudiwarudiwa, mshukiwa wa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta haiwezi kuanza bila hiyo. Kadi zake zitolewe, vumbi lipanguswe, zirudishwe moja moja hadi vishikizo vilie "tak". Kadi ya michoro ifanyiwe vivyo hivyo, na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye ubaomama.

Skrini ikiwaka lakini ikidai haioni diski, nyaya mbili za diski, ya data na ya umeme, ndizo za kukaguliwa. Saa ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 yenye volti 3 imeisha au imechomoka, na mpangilio wa diski ya kuanzia huenda umefutika pamoja na saa.

Harufu ya kuungua, au kimya kisichobadilika baada ya hatua hizi, ni kazi ya fundi mwenye pawasaplai nyingine ya kujaribia, na kisanduku cha pawasaplai kamwe kisifunguliwe, kwani hubaki na chaji hatari hata kikiwa kimezimwa. Kwa safari ijayo, kadi nzito ya michoro itolewe na kufungwa peke yake, na kasha lilazwe ubavu, ubaomama ukiwa chini, ili uzito wa kipoza joto cha prosesa usining'inie kwenye ubao.