Waanglikana wanabishania nini, na muumini wa Kimbiji anaguswaje?

Oktoba 2025 habari mbili zilifuatana. Tarehe 3, Sarah Mullally aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tarehe 16, umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kihafidhina uitwao GAFCON, unaoongozwa na Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, ukatangaza kwamba hautambui tena uongozi wa Canterbury.

Wasikilizaji wetu wa Kimbiji na vijiji jirani wa ukanda huu wa Kigamboni wanauliza: je, kanisa limevunjika? Askofu wetu anapokea amri kutoka Uingereza? Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua.

Nani mkubwa wa nani?

Anglikana hawana Papa. Askofu Mkuu wa Canterbury anaheshimiwa kama kaka mkubwa katika ukoo: huwaita wenzake kikaoni na hukaa mbele, lakini hawezi kumfukuza kazi askofu wa Tanzania wala kumpangia la kuhubiri. Kanisa Anglikana Tanzania limejitegemea tangu 1970, lilipotengana na Kenya. Lina katiba yake, sinodi yake na Nyumba ya Maaskofu yake. Askofu mkuu wake huchaguliwa hapa hapa nchini.

Kwa hiyo kanisa la nchi moja likifanya jambo ambalo wengine wanaliona ni kosa, hakuna mahakama ya juu ya kulizuia. Wengine wanaweza kulionya, kukataa kukaa nalo mezani, au kuondoka. Ndiyo sababu mvutano huu umedumu zaidi ya miaka 20 bila kwisha.

Ulianzaje?

Mwaka 1998 maaskofu wa dunia nzima walikutana Lambeth, mkutano ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka kumi hivi. Walipitisha azimio kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba vitendo vya mapenzi ya jinsia moja havipatani na Maandiko. Kura 526 ziliunga mkono, 70 zilipinga, na 45 hazikuegemea upande wowote. Azimio hilo hilo lilitaka kanisa liwasikilize na kuwahudumia waumini wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, na likalaani kuwachukia bila sababu. Sehemu hiyo ya pili hutajwa mara chache.

Mwaka 2003 kanisa la Marekani likamweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi waziwazi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu wa New Hampshire. Waliopinga walisema Biblia imevunjwa na makubaliano yamepuuzwa. Waliounga mkono walisema Injili inamkaribisha kila mtu, na kila kanisa lina haki ya kuamua mambo yake.

Siku ugomvi ulipofika Dar es Salaam

Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na kanisa la Marekani umeharibika. Walisema pia hawatapokea, wakijua, fedha wala misaada kutoka kwa wale wanaokubali vitendo hivyo au kubariki miungano ya jinsia moja. Halikuwa tamko jepesi. Wenzi wa ng'ambo wamesaidia visima, zahanati na shule katika sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo kukataa fedha ni jambo linalofika hadi kijijini.

Miezi miwili baadaye, tarehe 15 hadi 19 Februari 2007, maaskofu wakuu wa dunia walikutana jijini Dar es Salaam katika hoteli ya White Sands, pwani ya kaskazini. Mwenyeji alikuwa Askofu Mkuu Donald Mtetemela. Kwa mara ya kwanza alihudhuria Katharine Jefferts Schori, mkuu mpya wa kanisa la Marekani. Maaskofu wakuu saba walikataa kushiriki naye Meza ya Bwana, wakiwemo wa Kenya, Uganda, Rwanda na Nigeria. Mwenyeji wao wa Tanzania hakuwa miongoni mwa hao saba.

Jumapili ya tarehe 18 walivuka bahari kwenda ibada katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Ulikuwa mwaka wa 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara hiyo. Siku iliyofuata walitoa tamko la kuwapa maaskofu wa Marekani hadi tarehe 30 Septemba 2007 kuahidi kwamba hawatabariki miungano ya jinsia moja. Muda ulipita na mgawanyiko ukabaki. Juni 2008 wahafidhina walikutana Jerusalem, na GAFCON ikazaliwa.

Kwa nini umewaka tena?

Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliunga mkono sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Safari hii jambo lilitoka katika kanisa la Canterbury lenyewe. Ndipo viongozi wengi wa Afrika wakasema Canterbury imepoteza haki ya kukaa mbele.

Uteuzi wa Mullally umechanganya maswali mawili ambayo ni vizuri kuyatenganisha. Moja ni msimamo wake wa kuunga mkono sala hizo. Jingine ni mwanamke kuwa askofu. Katika hili la pili Waafrika wenyewe hawakubaliani: Kenya, ambayo imekuwa mstari wa mbele kupinga ushoga, ina askofu mwanamke, Rose Okeno wa Butere, tangu 2021.

Kwako wewe inamaanisha nini?

Jumapili ijayo hakuna kitakachobadilika. Ubatizo wako, kipaimara chako na ndoa yako ni halali kama jana. Dayosisi ya Dar es Salaam haipokei amri kutoka Canterbury wala kutoka GAFCON. Sheria ya nchi nayo ni jambo jingine kabisa: Tanzania inaadhibu vitendo hivi kwa kifungo kirefu, na mjadala wa kanisa hauigusi sheria hiyo.

Kinachoweza kubadilika polepole ni urafiki na dayosisi za nje, nafasi za masomo kwa makasisi, misaada ya miradi, na mikutano ambayo maaskofu wetu wataenda au kuisusia. Mambo haya huzungumzwa kwenye sinodi, na sinodi ina walei waliochaguliwa na waumini.

Kwa hiyo kama una swali, usiishie kwenye ujumbe unaozunguka WhatsApp. Mwulize kasisi wako nani anawawakilisha sinodini, kisha mwulize mjumbe huyo mambo mawili: msimamo wa dayosisi ni upi, na miradi yenu inafadhiliwa na nani. Una haki ya kujibiwa.