Mkanda Mweusi Huchukua Miaka Mingapi? Utangulizi

Mwanafunzi mpya wa judo au karate, mara nyingi kabla hata hajajua kuufunga vizuri mkanda wake mweupe, humuuliza mwalimu swali moja: nitafika lini mkanda mweusi? Walimu wengi hulikwepa. Huliona kuwa dalili ya kupenda sifa, wakamwambia kijana afanye mazoezi na aache kuhesabu siku. Mimi naliona kuwa swali la haki, na sijui mlango mzuri zaidi wa kuingilia taaluma ya sanaa za mapigano. Anayelifuatilia kwa makini hujikuta anasoma historia ya Japani ya karne ya 19, mbinu za ufundishaji, biashara ya vilabu vya leo, na tatizo gumu la kuupima ustadi unaokaa mwilini. Karibu tulifuatilie pamoja.

Jambo ninalotaka ulishike tangu sasa ni hili: ugumu wa mchezo peke yake hauamui miaka ya mkanda mweusi. Kinachoamua kwanza ni kazi ambayo wenye mchezo wameupa mkanda huo. Kuna mahali ambapo umefanana na cheti cha elimu ya msingi, na mahali ambapo umefanana na shahada ya uzamivu. Ukiilinganisha miaka bila kujua unalinganisha cheti na shahada, utawadharau watu wasiostahili dharau na kuwastaajabia wasiostahili sifa.

Ulikotoka

Kabla ya judo, shule za jujutsu na za upanga nchini Japani hazikuwa na mikanda ya vyeo. Mwanafunzi alipewa hati. Mojawapo ilikuwa mokuroku, orodha ya mbinu alizofundishwa. Juu yake menkyo. Na kileleni menkyo kaiden, iliyothibitisha kwamba amerithishwa elimu yote ya shule. Ngazi hizo zilikuwa chache, na kutoka moja hadi nyingine mtu aliweza kungoja miaka mingi.

Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mwalimu kwa taaluma na kwa tabia. Mwaka 1882 alianzisha Kodokan katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, akiwa na ukumbi wa mikeka 12 na wanafunzi 9. Alitaka kijana aone mbele yake ngazi ya karibu anayoweza kuipanda, ili asikate tamaa njiani. Akaazima mfumo wa dan, yaani madaraja ya ustadi, ambao wachezaji wa go, ule mchezo wa kete nyeusi na nyeupe, walikuwa wakiutumia tangu karne ya 17. Mwaka 1883 akawapa dan ya kwanza wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro.

Hesabu muda huo: takriban mwaka mmoja. Ni kweli Saigo alikuwa amekwisha kufanya jujutsu kabla ya kuingia Kodokan, na wote wawili walifanya mazoezi karibu kila siku, tena chini ya jicho la Kano mwenyewe. Hata hivyo hawakungoja miaka kumi. Mkanda mweusi ulikuja baadaye kidogo, katika miaka hiyo hiyo ya 1880, kama alama ya kuwatofautisha wenye dan na wasio nayo. Utasikia ikisimuliwa kwamba mkanda ulianza ukiwa mweupe, ukachakaa na kushika uchafu wa miaka mingi hadi ukawa mweusi. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Mkanda mweusi ulitolewa ukiwa mweusi, kwa uamuzi wa mwalimu aliyejua anataka kuonyesha nini.

Karate ilipita njia hiyo hiyo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha sanaa ya kisiwa chake, na Kano akamwalika aionyeshe Kodokan. Funakoshi aliupenda mfumo wa dan akauchukua. Mwaka 1924 alitoa dan za kwanza katika historia ya karate. Miongoni mwa waliozipokea alikuwamo Otsuka Hironori, ambaye baadaye aliasisi mtindo wa Wado-ryu. Naye alikuwa ameingia akiwa na ujuzi wa jujutsu, na muda wake wa karate chini ya Funakoshi ulikuwa kama miaka miwili tu.

Nawaomba wanaoingia katika taaluma hii waukumbuke ukweli huu kila wanaposikia lawama kwamba zamani mkanda mweusi ulikuwa wa miaka mingi na leo unagawiwa ovyo. Ugawaji ovyo upo, na nitaugusa. Lakini zamani hiyo ya miaka mingi si zamani ya waasisi.

Jinsi miaka ilivyorefuka

Mkanda uliposafiri kwenda nchi za Magharibi, ulibadilishiwa kazi. Kawaishi Mikonosuke alifika Paris mwaka 1935, na katika ufundishaji wake mikanda ya rangi ilienea: njano, chungwa, kijani, buluu, kahawia. Ulikuwa ubunifu mzuri wa kufundishia. Mwanafunzi Mfaransa, aliyefika ukumbini jioni mbili kwa wiki baada ya kazi, alipata ngazi za kumshika mkono. Lakini rangi hizo zilileta tokeo ambalo halikukusudiwa: mweusi sasa ulisimama mwisho wa foleni. Nchini Japani ulikuwa ngazi ya kwanza kati ya kumi; machoni pa mgeni ukawa kilele.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha mwaka 1945, wanajeshi wa Marekani waliowekwa Japani na Okinawa walijifunza karate na judo kwa muda wa utumishi wao. Wengi walirudi nyumbani na dan ya kwanza, wakafungua shule. Katika mji ambao hakuna mwingine mwenye mkanda huo, mwenye dan moja ndiye bingwa wa mahali. Sifa ya mkanda ikakua kuliko cheo chenyewe, na sifa ilipokua watu walianza kudai miaka inayolingana nayo.

Kalenda tatu

Tazama leo michezo mitatu yenye asili ya Japani. Katika judo ya Japani, Kodokan huruhusu dan ya kwanza kuanzia umri wa miaka 14. Mwanafunzi wa sekondari aliye katika klabu ya shule, anayefanya mazoezi karibu kila siku, anaweza kuipata ndani ya mwaka mmoja au miwili. Anatakiwa ashindane, na aonyeshe seti tatu za kwanza za kata (mfuatano maalumu wa mbinu) ya kubwaga, yaani mibwago 9 kati ya 15 ya kata nzima. Cheo hicho kinatamka kwamba anaijua misingi, sasa anaweza kufundishwa judo.

Jiu-jitsu ya Brazili ilitokana na judo, lakini kalenda yake ni nyingine kabisa. Mtu mzima ana mikanda mitano tu, mweupe hadi mweusi, na kila mmoja hubeba miaka. Kanuni za sasa za shirikisho lao kubwa la kimataifa, IBJJF, zinamtaka mtu mzima kwa kawaida akae miaka 2 na mkanda wa buluu, mwaka 1 na nusu na wa zambarau, na mwaka 1 na wa kahawia. Mweusi haupewi aliye chini ya miaka 19. Huo ndio muda wa chini. Katika vilabu vingi safari nzima hukaribia miaka 10, kwa sababu pale mkanda mweusi humpa mtu mamlaka ya kufundisha na kuwapandisha wengine. Wapo wachache waliokwenda mbio: B.J. Penn wa Hawaii aliupata kwa chini ya miaka minne, na mwaka 2000 akawa mtu wa kwanza asiye Mbrazili kutwaa ubingwa wa dunia wa mkanda mweusi. Ushindi wake ulithibitisha kwamba mwalimu wake hakukosea, lakini haukuifanya kasi hiyo kuwa kipimo cha wengine.

Kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, ndiyo inayonifundisha zaidi, kwa kuwa haina mkanda wa cheo hata kidogo. Mtu wa dan ya kwanza na mtu wa dan ya nane huvaa vilevile. Vyeo vipo kwenye daftari, na kila kimoja kina kipindi cha kungoja: mwaka 1 kutoka dan ya kwanza hadi ya pili, kisha miaka 2, 3, 4, 5 na 6, na hatimaye miaka 10 kabla ya mtihani wa dan ya nane, ambao Japani haumruhusu aliye chini ya miaka 46. Jumla ni miaka 31. Na akifika huko, hatua ya kwanza ya mtihani ni mapambano mawili mafupi, kila moja la dakika mbili hivi. Waamuzi hawahesabu mapigo. Wanatazama kama mtahiniwa amemlazimisha mpinzani aache mwanya kabla ya kumpiga, na kama baada ya pigo bado yuko macho, mwili umenyooka na upanga umeelekezwa. Anayerusha mapigo mengi huanguka. Anayepiga moja kwa wakati wake huweza kupita. Hufaulu kama mtu mmoja kati ya mia.

Kinachokula muda hasa

Ili uone miaka inakwenda wapi, chukua mtama, ule wa kumfagia mtu mguu, ambao watoto wetu huupigana uwanjani na judo huuita de-ashi-barai. Umbo lake hufundishwa jioni moja: geuza unyayo wako, ufagie mguu wa mwenzako juu kidogo ya kisigino, mkono uvute chini. Anayeanza hulikamilisha umbo hilo vizuri kabisa na mwenzake habanduki. Akichelewa, anaupiga mguu uliokwisha beba uzito, na wote wawili wanaumia mifupa ya miguu. Akiwahi, anaufagia mguu ulio hewani, na mwenzake anaurudisha chini akisimama imara zaidi. Kuna nafasi ndogo katikati, pale unyayo unapokaribia kugusa mkeka na uzito unaanza kuhamia juu yake. Anayeikuta nafasi hiyo humwangusha mtu mzito kuliko yeye bila kutumia nguvu. Kuitambua mwilini, kwa mwenza mrefu na mfupi, mkakamavu na mlegevu, ndiko kunakotaka majaribio maelfu, na hakuna mwalimu awezaye kumfupishia mtu kwa maelezo.

Kwa hiyo napendekeza tuache kuhesabu miaka, tuhesabu saa za mazoezi. Mtu anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, kwa wiki 48, hupata saa 144 kwa mwaka. Mwanafunzi wa klabu ya shule anayefanya saa mbili kwa siku sita za wiki hupata 576. Mwaka mmoja wa huyu ni miaka minne ya yule. Ndiyo maana kijana wa Tokyo wa mwaka mmoja na mfanyakazi wa Nairobi wa miaka minne wanaweza kuwa wametembea umbali mmoja. Saa nazo si zote sawa: zinazohesabika ni zile za kukabiliana na mwenza anayekataa kuanguka. Na usidhani saa 576 ukizibana ndani ya miezi mitatu zitazaa kilekile. Mwili huhitaji mapumziko ili ujuzi utulie, na mtihani mwema hupima kilichobaki baada ya miezi, wala hauridhiki na kilichokaririwa wiki iliyopita.

Watoto na fedha

Mambo mawili huvuruga hesabu hii. La kwanza ni watoto. Taekwondo ya Kukkiwon, makao yake makuu yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, imelitatua kwa uungwana: aliye chini ya miaka 15 hupewa daraja liitwalo poom, lenye mkanda wa rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Jitihada yake inatambuliwa bila kumdanganya kwamba yuko sawa na mtu mzima. Kumfunga mtoto wa miaka minane mkanda mweusi kamili ni kumkosea yeye kwanza, kwa maana siku atakayovamiwa ataamini jambo lisilo kweli.

La pili ni fedha, nazo huvuta pande zote mbili. Klabu inayoishi kwa ada za mitihani hufaidika ikiongeza ngazi na kufupisha muda. Inayoishi kwa ada za mwezi hufaidika ikirefusha safari. Kwa hiyo muda mrefu peke yake si dhamana ya ubora, kama vile muda mfupi si ushahidi wa ulaghai. Lakini klabu inayokuuzia mkanda mweusi kwa mkataba wenye tarehe imekwisha kukuambia kwamba mtihani wake haumwangushi mtu.

Jibu, na kazi iliyobaki

Swali linastahili jibu, nami nalitoa. Kwa mtu mzima anayefanya mazoezi mara mbili hadi tatu kwa wiki, katika mchezo ambao dan ya kwanza ni lango, kama judo na karate nyingi, miaka mitatu hadi mitano ni muda wa haki. Katika jiu-jitsu ya Brazili, miaka minane hadi kumi na zaidi ni ya haki pia, kwa sababu kinachodaiwa ni kikubwa zaidi. Akija mtu na muda ulio nje ya hapo, usimhukumu. Muulize alifanya saa ngapi, na watu gani, nani alimpima, na kama waliofanya naye mtihani wapo walioshindwa.

Hapo ndipo utafiti wako unaweza kuanza. Wanahistoria wa michezo hii wamesoma sana Tokyo na Paris; kumbi za shule na za vijana ambamo karate na judo hufundishwa jioni Dar es Salaam, Mombasa au Kampala bado zinamngoja mwenye daftari na subira. Nenda siku ya mtihani. Andika kinachoulizwa, nani anaamua, nani anaanguka na kwa sababu gani, na ada inakwenda wapi. Ukifanya hivyo katika vilabu vichache tu, utakuwa umeujua mkanda mweusi wa mahali petu kuliko anayeuhesabu kwa miaka.