Tuketi Kwanza, Tuhesabu

Siku ya kustaafu inapofika, na kiinua mgongo ki mkononi, wengi wetu hutamani motokaa ya kwendea shambani na kuwazuru wajukuu. Je, tununue mpya au iliyokwisha kutumika?

Motokaa mpya huja na dhamana ya matengenezo kwa muda uliowekwa, lakini thamani yake huanza kupungua mara itokapo dukani. Iliyotumika ni ya bei nafuu, na sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza kutoka ng'ambo iliyozidi miaka 8. Walakini rangi nzuri yaweza kuficha injini iliyochoka. Basi fundi tunayemwamini aikague, tuhakikishe kwa hati kwamba muuzaji ndiye mwenyewe, tena tubakishe fedha za bima, magurudumu na vipuri.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kwa mfano wa mjenzi wa mnara. Nasi tuketi, mume na mke pamoja, kabla fedha hazijatoka, maana hakuna mshahara mwingine mwisho wa mwezi. Tukiona haya kufika kanisani na motokaa kuukuu, tujiulize: twanunua chombo cha safari, au twanunua sifa?

Bwana atupe hekima. Amina.