Winchi juu ya Lori la Jeshi: Namna ya Kuichagua na Kuifunga

Katika nchi ya Tarime na Serengeti mizigo mizito haipungui: mabomba ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara, mashine za kusaga, matangi, pampu za visima, magogo. Na njia zenyewe wasomaji mwazijua. Mtu atokaye Tarime, akapita Nyamongo na kuvuka mto Mara hata kufika Mugumu, hukutana na vilima na mawe, kisha udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa masika hushika gurudumu kama ulimbo. Ndiyo sababu watu wakichanga fedha hupenda kununua lori kuukuu la jeshi, lile lililoinuka juu na kuvuta kwa magurudumu yote, kisha humtafuta fundi wa kulitia winchi. Shauri hilo si baya. Walakini lori likipinduka huku mzigo u hewani, huua watu, na fedha za wengi hupotea kwa dakika moja. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza mambo haya kwa urefu kidogo.

Kwanza neno lenyewe. Watu huita winchi vitu viwili: lile gurudumu la kamba ya chuma liwekwalo mbele ya lori ili kulikwamua matopeni, na ule mkono wa chuma unyanyuao mzigo. Sisi hapa twasema juu ya mkono. Katika Vita Kuu ya Pili, malori ya Kimarekani ya Diamond T yaliyokokota magari mabovu yalikuwa na mikono miwili yenye kamba. Mmoja uliponyanyua mzigo upande huu, kamba ya wa pili iliweza kufungwa mtini upande wa pili, lori lisianguke. Mkono wa siku hizi, unaosukumwa kwa mafuta ya pampu, asili yake ni Sweden. Huko Hudiksvall alikuwako mtengenezaji wa mbao za kutelezea juu ya theluji, jina lake Eric Sundin, ambaye mwaka 1944 alianzisha kampuni ya Hiab. Na mwaka 1947 ukatoka mkono wa kwanza uliotumia nguvu za injini ya lori lenyewe.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Muuzaji atasema, “Hii ni winchi ya tani 2.” Neno hilo peke yake halina maana. Mwulizeni: tani 2 kwa umbali gani? Nguvu ya mkono hupimwa kwa kuzidisha uzito wa mzigo na umbali wake kutoka shina la winchi, nayo huitwa tani-mita. Winchi ya tani-mita 4 hunyanyua tani 2 katika mita 2, tani 1 katika mita 4, na kilo 800 katika mita 5. Na kwa kweli hupungua zaidi, maana mkono nao una uzito wake. Bomba la zege lenye upana wa ndani wa sentimita 90, unene wa sentimita 9 na urefu wa mita 1, lina uzito wa karibu kilo 670. Winchi hiyo yaweza kulitua katika mita 5. Katika mita 6 haiwezi tena. Anayetaka kulitua bomba ng'ambo ya mtaro na apime mtaro kwanza, ndipo aende kununua.

Tena upimwe mzigo mzima. Mwezi Mei 2010 faru weusi watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Faru mzima aweza kufika tani 1 na kuzidi, na sanduku lake la kusafiria lina uzito wake, na mnyama mwenyewe hatulii. Mwenye kuhesabu nyama na kusahau chuma amejidanganya.

Watu wengine hufikiri kwamba winchi ikiwa kubwa zaidi ni salama zaidi. Sivyo. Tuseme lori pamoja na winchi lina tani 7, na kutoka katikati yake hata ukingo wa gurudumu ni mita 1.1. Uzito wake hulizuia kwa tani-mita 7.7. Mnyanyue tani 2 ubavuni, mita 5 kutoka katikati: mzigo uko mita 3.9 nje ya gurudumu, nao walivuta lori kwa tani-mita 7.8. Basi limekwisha pinduka, ijapokuwa winchi haikuvunjika. Miguu ya pembeni ikitolewa hata mita 1.8, lori huzuia kwa tani-mita 12.6 na mzigo huvuta kwa 6.4 tu. Hesabu hiyo ni ya mahali tambarare; penye mteremko hubadilika upesi, kwa ubaya.

Na miguu hiyo yasimama juu ya nini? Mguu wenye bamba la sentimita 30 kwa 30, ukibeba tani 5, hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa kilo 5 na nusu. Udongo mweusi ulioloa hauwezi. Wekeni chini yake mbao nene zilizofungwa pamoja, mita 1 kwa mita 1, na mzigo huo hushuka hata nusu kilo. Mbao hizo zisafiri na lori siku zote.

Sasa kufunga, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Chesisi, yaani zile boriti mbili ndefu zilizobeba lori, katika malori mengi ya porini imeumbwa ili ijinyonge. Gurudumu moja likiingia shimoni na jingine kupanda jiwe, chesisi hujipinda, na magurudumu yote hubaki chini yakivuta. Unimog ni mfano mashuhuri. Fundi akiifungia fremu ngumu ya winchi mwanzo hata mwisho, ameizuia isijipinde; basi baada ya miezi kadhaa chuma hupasuka pale fremu inapokoma. Dawa yake ni fremu iliyoshikwa mahali patatu, yenye nafasi ya kucheza. Lakini MAN KAT1 la jeshi la Ujerumani, lililoanza kazi mwaka 1976, lina chesisi ngumu isiyopindika, na shida hiyo ni ndogo kwake. Kwa hiyo lijueni lori kabla ya kumwita fundi. Wala asichomee chuma kwenye boriti za chesisi, wala asitoboe kingo zake za juu na chini. Matundu yakilazimu, yatobolewe ubavuni, kwa kufuata kitabu cha mwenye kuliunda.

Mahali pa winchi, sisi twapendelea nyuma ya chumba cha dereva. Ikiwekwa mkiani, mzigo ukining'inia huinua magurudumu ya mbele, na usukani hukosa nguvu. Lakini mbele nako kuna kadiri: winchi ndogo yaweza kuwa na uzito wa nusu tani, nayo huilemea ekseli ya mbele.

Kazi ikiisha, lori lisipokelewe kwa macho tu. Winchi ikaguliwe na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), kisha ijaribiwe mbele yenu, mbali na nyaya za umeme. Mzigo unyanyuliwe shubiri moja tu kutoka chini, uzungushwe polepole pande zote, na mtu mmoja autazame mguu wa upande usio na mzigo. Ukianza kuwa mwepesi, mzigo ushushwe mara. Kabla ya kuondoka miguu ifungwe kwa pini zake, maana mguu uliochomoka njiani hufyeka wapita njia. Baada ya juma la kwanza barabarani bolti zote zikazwe tena, na rangi itazamwe pale fremu ya winchi inapokoma: mstari mwembamba wa kutu hapo ni ufa.